Sahani ya Mbamba Bay: Kutoka Ruhuwiko hadi Pwani Isiyo na Chumvi

Mtu wa visiwani akitajiwa mji wa bandari, fikra zake humpeleka Kilwa Kivinje, Mikindani, Lamu au Mkokotoni. Huona mashua zimelala ubavu maji yakiwa yametoka, husikia sauti za mnada wa samaki, na hunusa tui la nazi likichemka. Ni nadra kumpitikia kwamba Tanzania ina pwani nyingine isiyojua kupwa wala kujaa, pwani ambayo mawimbi yake hupiga mchanga kama ya Bahari ya Hindi, lakini maji yake hunyweka. Pwani hiyo ni ya Ziwa Nyasa, na bandari yake mashuhuri katika Mkoa wa Ruvuma ni Mbamba Bay.

Kwa mkazi wa Songea, Mbamba Bay ni mwendo wa siku moja, kwenda na kurudi. Anayeondoka alfajiri Ruhuwiko, kata ya Manispaa ya Songea ulipo uwanja wa ndege wa mji huo, husafiri kiasi cha kilomita mia moja hadi Mbinga, kisha huteremka kilomita nyingine 66 hadi ukingoni mwa ziwa. Kipande hicho cha mwisho kilikuwa barabara ya vumbi na makorongo kwa vizazi vingi, na masika yakishika, gari lingeweza kulala njiani. Mwezi Aprili 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la ujenzi wa lami, na baada ya kazi hiyo kukamilika safari imekuwa nyepesi. Leo mtu hula chakula cha mchana ziwani na kurudi kulala kwake.

Wako wanaokwenda kwa biashara, na wako wanaokwenda kutazama mawimbi. Lakini wengi, ukiwauliza, hawatafuni maneno: huenda kula samaki. Hukaa chini ya mwembe au kibandani karibu na mchanga, wakaletewa sahani yenye ugali wa muhogo, samaki aitwaye mbasa, maharage kidogo pembeni, na chumvi. Hapana kinachoonekana cha ajabu katika sahani hiyo. Hata hivyo, kila kilichomo ndani yake kimefika hapo kwa njia yake na kwa gharama yake, na njia hizo, zikifuatwa moja baada ya moja, ndizo historia ya kusini ya Tanzania. Baadhi yake zinaanzia Kilwa, na moja kati ya hizo inapita Zanzibar.

Safari yenyewe huanzia katika nchi ya mahindi. Kwa miaka mingi Ruvuma imekuwa miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania, na Songea ni makao ya mojawapo ya kanda za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Msimu wa mavuno ukifika, malori hupanga foleni, na magunia hupangwa mpaka yakakaribia paa. Mgeni akiyaona hayo hudhani kwamba nchi hii haijapata kuijua njaa.

Mji wa Songea umechukua jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa wakuu wa vita wa Wangoni wa Njelu. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya enzi ya Shaka, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kutangatanga kwa miaka mingi wakatamalaki nyanda hizi katikati ya karne ya 19. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1897. Mwezi Julai 1905 vita vya Majimaji vilipozuka Umatumbi, nyuma ya Kilwa, habari zake hazikuchukua muda mrefu kufika Ungoni. Dawa iliyopelekwa huko ilikuwa maji yaliyochanganywa na mbegu za mtama na mafuta ya mbarika. Inafaa kulitia maanani jambo hilo: watu walikwenda kuzikabili bunduki wakiwa na imani iliyotiwa ndani ya vitu vya jikoni na shambani, maji, nafaka na mafuta.

Wapiganaji walishindwa kwa risasi. Nchi ilishindwa kwa njaa. Majeshi ya serikali ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, yakateketeza mazao mashambani, yakamwaga au kunyakua nafaka zilizokuwa ghalani, na yakachukua mifugo. Halikuwa tukio la bahati mbaya wala hasira ya askari mmoja mmoja. Ulikuwa mpango uliokusudiwa, kwa kuwa maofisa waliona kwamba watu waliotawanyika misituni hawatatiishwa kwa bunduki peke yake. Tarehe 27 Februari 1906 wapiganaji zaidi ya sitini walinyongwa Songea na kuzikwa katika kaburi moja la pamoja, na Nduna Songea mwenyewe aliuawa katika siku hizo hizo. Makadirio ya waliokufa katika vita vyote yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na sehemu kubwa yao hawakufa vitani. Walikufa kwa njaa na kwa maradhi yanayoiandama njaa. Kila mwezi Februari wakazi wa Songea huwakumbuka marehemu hao katika Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na wazao wa Nduna Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani.

Kwa hiyo magunia yale ya Songea yana maana kubwa kuliko bei yake. Nafaka ina sifa moja na aibu moja. Sifa yake ni kwamba hukaa ghalani ikamngoja mwenyewe. Aibu yake ni kwamba adui huijua ilipo. Ghala likichomwa, mwaka mzima umekwenda, na mbegu ya mwaka ujao imekwenda nayo. Msafiri anayetoka Ruhuwiko na kuliweka jambo hilo moyoni atauelewa vizuri zaidi ugali atakaoukuta ziwani.

Kutoka Songea barabara hupanda taratibu kuelekea Mbinga, nchi ya Wamatengo. Hapa baridi ya mwezi Juni na Julai huwafanya watu wa mwambao wajute kwa kuacha makoti. Milima ni mikali, na juu ya miteremko yake huonekana mashamba yenye vishimo vilivyopangwa safu kwa safu, mfano wa sega la nyuki. Hiyo ndiyo ngoro, na humo ndimo yatokamo maharage ya sahani ya Mbamba Bay.

Namna ya kuitengeneza ngoro ni hii. Mvua zinapokaribia kwisha, kiasi cha mwezi Machi, majani hufyekwa na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa mistari ya kwenda juu na ya kukatisha, ikafanya miraba. Baada ya hapo udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kurushwa juu ya majani, yakafunikwa. Hivyo pande nne hugeuka matuta, na katikati hubaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea. Mvua inaponyesha, maji hayateremki mbio kuelekea bondeni na udongo wa watu. Hutulia shimoni, yakanywewa na ardhi polepole, na tope lililobebwa hubaki pale pale. Kwa desturi kufyeka na kupanga majani ilikuwa kazi ya wanaume, na kuchimba mashimo kazi ya wanawake.

Kilimo hicho kilikuwapo kabla ya ukoloni, na inaelekea kilishamiri wakati Wamatengo walipobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni. Watu wengi walilazimika kuishi mahali padogo penye mteremko mkali, na mteremko haumsamehe mkulima mzembe. Ama walindwe na ardhi yao, ama iwaporomokee. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Kijapani, walifanya uchunguzi mrefu juu ya ngoro, na wakaonyesha jinsi ilivyoweza kuilisha jamii kubwa bila kuiua ardhi. Wamatengo hawakuhitaji kuambiwa. Walikwisha kuliona hilo katika vyungu vyao.

Miaka ya 1920 ilileta kahawa, na kahawa ikaleta fedha, vyama vya ushirika na mabati. Lakini ilileta pia mashindano ya ardhi na ya nguvu za mikono. Ngoro ni kazi nzito, na palipo na zao la fedha, vijana hawaoni sababu ya kuchimba mashimo. Watu wamezidi, mashamba yamegawanyika, na katika baadhi ya miteremko matuta ya kawaida yamechukua nafasi ya miraba ya wazee. Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni shauri la Wamatengo peke yao. Mwisho wa safari utaonyesha kwamba samaki wa ziwani naye ana neno lake katika shauri hilo.

Baada ya Mbinga barabara hujikunja na kuteremka. Baridi huachwa nyuma, miembe huanza kuonekana, na ghafla, kati ya vilima viwili, linatokeza jambo ambalo macho ya mgeni hulidhania kuwa mbingu iliyoshuka. Ziwa Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580, upana usiozidi kilomita 80, na kina cha kiasi cha mita 700 katika sehemu yake ya chini kabisa. Ng'ambo ya pili ni Malawi. Upepo mkali wa kusini mashariki uvumao miezi ya kipupwe huitwa mwera, na mvuvi wa Nungwi angeutambua mara moja kuwa ni ndugu wa kusi. Chombo cha kawaida ni mtumbwi wa gogo moja, usio na matengo ya ngalawa, na anayeukalia hujifunza mapema kukaa kwa adabu.

Ziwani ndiko msafiri aliyetoka nchi ya mahindi anakokutana na ugali wa muhogo. Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini kwa vyombo vya Wareno, ukaenea pwani zote mbili za bara, kisha ukapenya ndani kwa njia za misafara. Wanyasa wameufanya kuwa wao. Muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa siku kadhaa hadi ulainike na sumu yake itoke, ukaanikwa juani juu ya majabali, ukatwangwa na kuchekechwa. Unga wake ni mweupe, na ugali wake huvutika na kung'ang'ania vidole, ukiwa na uchachu wa mbali unaopatana na mchuzi wa samaki kuliko kitu kingine chochote.

Kwa nini muhogo na si mahindi? Udongo wa kichanga wa ukingoni mwa ziwa ni sehemu ya jibu, na muhogo hauutaki udongo wenye rutuba nyingi. Lakini sehemu nyingine imo katika yale yaliyopita. Katika karne ya 19 watu wa ziwani waliishi kati ya mashambulizi ya Wangoni kutoka mlimani na misafara ya watumwa iliyokuwa ikienda pwani. Katika maisha ya namna hiyo, zao linalofichika ni bora kuliko zao linalong'ara. Muhogo hukaa ardhini mwaka mmoja, hata miwili, ukingoja. Hauna ghala la kuchomwa. Mwenyewe akikimbilia majabalini au kisiwani, hurudi usiku, akachimba kidogo na kutoweka tena. Kile kilichoiua Ungoni mwaka 1906, yaani ghala linaloonekana, hapa hakikuwapo. Baadaye watawala wa Kiingereza waliwashurutisha watu wa sehemu nyingi za Tanganyika kulima muhogo kwa ajili ya kinga ya njaa. Wanyasa walikwisha kuufahamu usalama huo bila ya amri ya mtu.

Chumvi nayo ina habari yake. Wakazi wa mwambao, waliozungukwa na maji ya chumvi, huona taabu kufikiri kwamba kuna watu waliozungukwa na maji wakaitamani chumvi. Huko bara zamani watu walichoma majani maalumu na kuyachuja majivu yake ili wapate chumvi ya mitishamba. Chumvi ya baharini ilifika kwa vichwa vya wapagazi pamoja na nguo na shanga, kwa zile njia ndefu zilizokwenda Kilwa. Njia hizo hizo zilirudi pwani na pembe, nta na mpira. Na kwa muda mrefu zilirudi na watu waliofungwa minyororo. Mlaji wa leo hunyunyiza chumvi bila kuwaza, lakini katika nchi hii hapakuwa na chembe yake iliyofika bila mgongo wa mtu.

Watu wa pwani hawakuishia ukingoni. Katikati ya karne ya 19 mfanyabiashara kutoka mwambao, Salim bin Abdallah, alijiimarisha Nkhotakota upande wa magharibi wa ziwa, na nasaba ya watawala waliojulikana kwa lakabu ya Jumbe ikaendelea huko hadi miaka ya 1890. Wao ndio waliounda majahazi yaliyovuka Ziwa Nyasa, yakiwa na tanga kama la Zanzibar, yakibeba watumwa na pembe kuelekea mashariki. Pamoja na dhuluma hiyo, waliacha Uislamu, maneno ya Kiswahili na kilimo cha mpunga. Historia haikuwatenganishia watu wa ziwa mema na mabaya katika vyombo viwili. Vyote vilipakiwa katika jahazi moja.

Njia nyingine iliyotoka Zanzibar ilikuwa ya wamisionari wa Kianglikana, Universities' Mission to Central Africa, waliohamishia makao yao Unguja mwaka 1864 na baadaye kujenga kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Kutoka visiwani walikwenda Masasi, na kutoka hapo wakalifuata ziwa, hata mwaka 1885 wakaweka kituo katika kisiwa cha Likoma. Wahenga walisema bahari haishi zinge, na ziwa nalo halikukosa lake: Chauncy Maples, aliyekwisha kupewa uaskofu, alizama humo mwaka 1895. Mwenzake, William Percival Johnson, aliishi pembezoni mwa ziwa kwa zaidi ya miaka arubaini, akafa mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay.

Liuli hiyo ndiyo Wajerumani waliyoiita Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali la Pomonda ambalo wao walilifananisha na sanamu ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, ilitokea kadhia ambayo ingekuwa kichekesho lau isingekuwa vita. Nahodha Mwingereza Rhoades na nahodha Mjerumani Berndt walikuwa marafiki waliozoea kula na kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana. Habari za vita vya Ulaya zilimfikia Rhoades kwanza. Akaja na meli yake, Gwendolen, akaipiga mizinga meli ya Berndt, Hermann von Wissmann, ikiwa juu ya nchi kavu kwa matengenezo. Yasemekana Berndt alimwendea mwenziwe kwa mashua ndogo, amehamaki, akimuuliza kama amelewa. Alikuwa hajapata habari kwamba wao ni maadui. Basi hata katika ziwa hili, sahani iliyoliwa na watu wawili ilivunjwa na amri iliyotoka mbali.

Na amri ya mbali iliyo kubwa kuliko zote ilitiwa saini tarehe 1 Julai 1890. Wazanzibari huukumbuka mkataba huo kwa sababu ndani yake Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Wachache hukumbuka kwamba karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyochora mpaka wa Ziwa Nyasa. Mpaka ulielezwa kufuata ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, hadi mlango wa mto Songwe. Kwa maneno mengine, mwenye kusimama Mbamba Bay na kulowesha miguu yake alihesabiwa kuwa ameingia dola nyingine. Hapana mvuvi aliyeulizwa. Katika meza moja huko Ulaya waligawiwa Waunguja na Wanyasa, na hawakuwa na habari wao kwa wao.

Baada ya uhuru jambo hilo lilizua mzozo. Tanzania ililiibua kwa Malawi mwaka 1967, ikishikilia kwamba mpaka hauna budi kupita katikati ya maji. Malawi imeshikilia maandishi ya 1890. Kwa upande wa Msumbiji, Uingereza na Ureno zilikwisha kukubaliana mwaka 1954 kuupeleka mpaka katikati ya ziwa. Mzozo ulipamba moto tena mwaka 2012, Malawi ilipotoa vibali vya kutafuta mafuta, na usuluhishi ukakabidhiwa viongozi wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano. Suluhu ya mwisho haijapatikana. Wakati wakubwa wakifungua ramani, wavuvi wa pande zote huendelea kushusha nyavu. Usiku wa kiza taa zao hutanda juu ya maji kama mji uliozaliwa jioni, maana dagaa hufuata mwangaza, na usiku wa mbalamwezi ni usiku wa kupumzika, sawa na ilivyo Mafia au Pemba.

Ziwa lenyewe ni karimu kwa namna yake. Aina za samaki waliomo zinahesabiwa kwa mamia, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hata vijidudu vyake vimeliwa. Livingstone, aliyelitembelea tena mwaka 1861, aliona mawingu ya nzi wadogo yakiinuka juu ya maji kama moshi, akaelezwa jinsi watu walivyowakusanya na kuwapika mikate minene, naye akaonja. Desturi hiyo haijafutika.

Lakini anayetafutwa na msafiri kutoka Ruhuwiko ni mbasa. Ni samaki mrefu wa rangi ya fedha, mwenye nyama tamu na miba mingi, kiasi kwamba mlaji mwenye pupa huadhibiwa papo hapo. Hubanikwa, hukaangwa, au huchemshwa kwa chumvi, nyanya na kitunguu bila nazi, kile ambacho watu wa mwambao hukiita chukuchuku. Mbasa huishi ziwani, lakini hazai ziwani. Mvua zinapojaza mito, hupanda akikabili mkondo, akaenda kutaga mayai juu ya changarawe safi zinazopitiwa na maji yaendayo kasi. Ruhuhu, mto unaoingia ziwani karibu na Manda, ni miongoni mwa mito ya upande huu wa Tanzania.

Desturi hiyo ya kupanda mito ndiyo heri yake na ndiyo balaa lake. Anapokusanyika mlangoni mwa mto, nyavu humngoja, na jike hukamatwa akiwa na mayai yote tumboni. Akinusurika, huenda akazikuta changarawe zimefunikwa na tope lililoporomoka kutoka mashamba ya mlimani. Yai la mbasa likifukiwa na tope hukosa hewa na kufa. Leo samaki huyu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa wale wanaotishiwa kutoweka.

Hapo ndipo maharage na samaki wanapokutana, si katika sahani tu bali katika uhai. Ngoro ya Mmatengo huzuia udongo usiteremke. Udongo usipoteremka, mto hubaki safi. Mto ukiwa safi, mbasa huzaa. Na mbasa akizaa, Mnyasa hula na kuuza. Mwanamke aliyechimba shimo mlimani Mbinga, ambaye pengine hajapata kuuona mtego wa samaki, amekuwa akililinda jiko la mwanamke mwenzake wa ziwani kwa vizazi kadhaa. Hakuna mkataba uliotiwa saini baina yao, wala mpaka uliochorwa. Na kila mraba wa ngoro unaoachwa ni hasara isiyoandikwa katika daftari la samaki.

Mji wa Mbamba Bay wenyewe unabadilika. Mwaka 2012 eneo hilo lilitangazwa kuwa Wilaya ya Nyasa, baada ya kumegwa kutoka Mbinga, na Mbamba Bay ikawa makao makuu yake. Meli ya MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi ziwani mwaka 2021, na mwaka 2024 kazi za kujenga bandari mpya zilikuwa zimeanza. Nia ni kuiunganisha bandari hii na Mtwara, ambayo gati lake la kina kirefu lilifunguliwa mwaka 1954, ili mizigo ya Malawi na nchi jirani ipite kusini mwa Tanzania hadi Bahari ya Hindi. Njia ya wapagazi imerudi, safari hii kwa lami, na bila minyororo.

Kuna heri kubwa katika hilo. Mvuvi ambaye zamani aliuza dagaa kwa bei ya kutupa kwa kukosa gari, sasa anaweza kuufikia mji kabla samaki hawajaharibika. Lakini barabara haina upande mmoja. Barafu na lori huweza kumpeleka mbasa Songea, Njombe hata Dar es Salaam, na walaji wakiwa wengi, samaki haongezeki kwa kuwa ametakiwa. Visiwani jambo hili linajulikana vizuri: pweza na kamba walipopata wanunuzi wa mbali, bei yao iliwapanda wenyeji vichwani, na waliokuwa wakiwala kila wiki wakabaki kuwasimulia. Mbamba Bay ina nafasi ya kujifunza kwa waliotangulia, iwapo milango ya mito itafungwa nyakati za kuzaa na iwapo miteremko ya Umatengo itaendelea kushika udongo wake.

Jua linapoelekea milima ya ng'ambo, msafiri wa siku moja huanza kurejea. Mfukoni au kikapuni huwa na dagaa wakavu, pengine na mbasa wawili waliokaushwa kwa moshi, kwa kuwa ni aibu kurudi kutoka ziwani mikono mitupu. Gari hupanda tena kuelekea baridi ya Mbinga, hupita miraba ya ngoro ambayo jioni hujaa vivuli, kisha hushuka Songea, chini ya milima ya Matogoro. Kutoka milima hiyo ndiko mto Ruvuma unakoanzia safari yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Mvua inayonyesha Matogoro, siku moja isiyojulikana, itapiga ngalawa ya mtu katika mwambao wa kusini.

Mwenda tezi na omo, walisema mabaharia, marejeo ni ngamani. Usiku, huko Ruhuwiko, wale dagaa huoshwa, wakatiwa chunguni na kuandaliwa kwa ugali wa mahindi mapya. Mama mwenye nyumba hunyunyiza chumvi iliyotoka baharini juu ya samaki aliyetoka katika maji yasiyo na chumvi, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaongeza kidogo, kisha akawaita watoto waje kunawa mikono.